Kutoka Umatroni Hadi Benchi la Ufundi: Nilichopewa na Wanawake wa Nigeria

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari jijini Mwanza, na ni kocha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Ualimu niliusomea. Ukocha niliupata Kigali, Agosti 2023, nikiwa jukwaani na maelfu ya watu wengine, nikiitazama timu ya taifa ya wanawake ya Nigeria ikitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya nne mfululizo. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya walimu wa kike wanaoujua mchezo na bado wamekalishwa pembeni yake, na kwa ajili ya wakuu wa shule na wazazi ambao mamlaka ya kuwasogeza imo mikononi mwao.

Anayeijua michezo ya shule zetu anamjua matroni. Timu ya wasichana ikisafiri kwenda UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, sharti iambatane na mwalimu wa kike. Yeye ndiye anayehakikisha wasichana wamelala mahali salama, wamekula, mwenye homa amefikishwa zahanati, na hakuna anayezurura nje ya geti usiku. Anabeba fomu za ruhusa za wazazi, sanduku la huduma ya kwanza na mfuko wa taulo za kike. Ni kazi ya heshima na niliifanya kwa moyo wote. Lakini filimbi ikilia, kazi ya matroni imekwisha. Kupanga kikosi, kuomba muda, kumfuata mwamuzi wa meza kumuuliza idadi ya faulo, hayo yote ni ya mwalimu wa kiume.

Mchezo wenyewe niliujua. Nilicheza nikiwa sekondari, nikacheza chuo cha ualimu, mara nyingi nikiwa namba moja, yule anayeupandisha mpira na kuwapanga wenzake. Nikiwa nimekaa na lile sanduku langu mapajani, niliona vizuri kabisa mchezaji gani amechoka, nani anakabwa upande wa mkono wake dhaifu, na wapi pana nafasi ya pasi ambayo hakuna anayeiona. Wakati mwingine nilimnong'oneza mwenzangu aliyefundisha timu. Akisikia, vyema, asiposikia, nilinyamaza. Hakuna aliyewahi kunikataza kuwa kocha. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwa nimemwona mwanamke yeyote akiifanya kazi hiyo kiasi cha kunitia hamu ya kuiomba.

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi. Wavulana wetu wakirudi wamefungwa, kikao cha walimu kiliuliza sababu: mazoezi yalikuwaje, nani alikosekana, kwa nini robo ya nne waliachia. Wasichana wakirudi wamefungwa, hotuba ilikuwa moja kila mwaka. Wamejitahidi, wameonyesha nidhamu, tunawapongeza kwa kushiriki. Walipigiwa makofi, wakagawiwa soda, wakarudi darasani. Hakuna aliyewauliza chochote, kwa sababu hakuna aliyetarajia chochote. Niliwatazama nyuso zao wakati wa makofi yale. Waliokuwa wamekimbia mpaka pumzi ikawaishia walielewa kwamba pongezi hizo hazikuhusu mpira waliocheza.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kigali, anaishi Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili utakisikia dukani, msikitini na kwenye vijiwe vya kahawa. Alinipigia simu kuniambia mashindano ya AfroBasket ya wanawake yanachezwa mjini kwao, na shemeji anaweza kunipatia tiketi za mwisho wa juma. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi. Miaka ile daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, tukavuka ziwa kwa kivuko, kisha Geita, Biharamulo, mpaka Rusumo, ambako mto Kagera unatenganisha nchi mbili. Nilikwenda kumsalimia dada na kuona mpira mzuri. Sikwenda kutafuta mwelekeo wa maisha.

Nusu fainali ya Ijumaa, tarehe 4 Agosti, ilikuwa Nigeria dhidi ya wenyeji Rwanda. BK Arena huingiza watu 10,000, na jioni ile Kigali nzima ilitaka kuwa ndani. Rwanda walikuwa wamecheza mashindano mazuri, watu wao waliwaamini, na kelele zilipoanza, ubao wa sakafu uliutetemesha unyayo wangu. Mimi mwenyewe, kwa sababu ya dada, shemeji na ujirani, niliwashangilia Rwanda.

Nigeria hawakubishana na kelele. Waliziondoa polepole. Kila Rwanda walipotaka kuuanzisha mpira chini ya goli lao, walikuta jezi za Nigeria ziko palepale. Asiyefuatilia kikapu aelewe hivi: timu ikipata mpira ina sekunde 8 za kuuvusha mstari wa kati, na sekunde 24 za kurusha golini. Timu nyingi humwachia mpinzani avuke kwa raha, zikamsubiri upande wa pili. Nigeria walikaba uwanja mzima. Anayepokea mpira alisukumiwa pembeni, karibu na mstari wa nje, na hapo mkabaji wa pili alimfikia. Sekunde 8 zilikuwa nyingi kwa macho ya mtazamaji na chache mno kwa mwenye mpira. Akirusha pasi ya haraka, mkono wa tatu ulikuwa unaisubiri. Hata waliofanikiwa kuvuka walibaki na muda mdogo wa kupanga shambulizi, wakarusha mpira kabla hawajakaa sawa.

Kisha nikaona kitu ambacho macho ya namba moja wa zamani hayawezi kukipita. Kukaba namna ile kunachosha. Hakuna binadamu anayeweza kukimbiza mpira uwanja mzima kwa robo nne za dakika kumi kumi. Nigeria walilijua hilo, ndiyo maana hawakuwa na wachezaji watano na wasindikizaji saba. Timu inaruhusiwa wachezaji 12 na mabadiliko hayana kikomo; wao walilitumia benchi lote. Anayeingia aliendelea kukaba kuanzia alipoishia anayetoka, kwa nguvu ileile. Anayetoka hakununa. Alikaa, akanywa maji, akasimama kumpigia makofi aliyempokea. Mchezo ulikwisha 79 kwa 48. Pointi 31, ugenini, mbele ya uwanja uliofurika mashabiki wa mwenyeji.

Shemeji alikuwa wa kwanza kuuliza. "Yule anayewaongoza, ndiye kocha mwenyewe?"

Nilikuwa nimeshamtazama muda mrefu. Mwanamke kijana, amesimama ukingoni mwa uwanja, anatoa amri, na wanawake wazima wenye uzoefu wa ligi za Ulaya na Marekani wanaitekeleza mara moja. Anaitwa Rena Wakama. Alizaliwa Marekani kwa wazazi wa Kinigeria, akacheza kikapu cha chuo kikuu Western Carolina, na alikuwa kocha msaidizi katika chuo cha Manhattan. Alikabidhiwa timu ya taifa ya Nigeria Juni 2023, wiki chache tu kabla ya mashindano, akiwa na umri wa miaka 31, na ndiye mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu hiyo. Kabla yake walikuwa wanaume: Sam Vincent aliyeanzisha mfululizo wa ubingwa mwaka 2017, kisha Otis Hughley aliyeuendeleza 2019 na 2021. Kwa hiyo Wakama alirithi timu iliyokuwa bingwa mara tatu mfululizo. Kama angeshindwa, kila mtu angesema tuliwaambia.

Fainali ya Jumamosi ilikuwa dhidi ya Senegal. Kwenye kikapu cha wanawake barani Afrika, Senegal ndiyo nyumba ya wakubwa: wana mataji 11 ya bara, na hakuna aliyewafikia. Hawakukubali kutishwa na kukabwa uwanja mzima. Walivuka mstari wa kati, walirusha, walifunga, na mpira ulikuwa mgumu. Hapo ndipo nilipomtazama Wakama kuliko nilivyoutazama mpira. Senegal wakifunga mfululizo, aliomba muda, akazungumza kwa ufupi, akabadilisha anayepaswa kumkaba nani, na mpira ukirudi uwanjani lile tobo lilikuwa limezibwa. Hakuonekana akiomba radhi kwa kuamuru. Nigeria walishinda 84 kwa 74. Amy Okonkwo alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na Wakama akawa mwanamke wa kwanza kushinda ubingwa huo akiwa kocha.

Usiku ule, tukiwa tumekaa uani Nyamirambo na chai ya tangawizi, dada aliniambia maneno ambayo ningependa kila mwanamke mwenye ujuzi wake ayasikie kutoka kwa mtu anayempenda. "Mdogo wangu, tangu utotoni nyumbani kwetu hukuwa na habari nyingine ila mpira huo. Siku mbili hizi umenieleza mchezo mzima kabla haujatokea. Shuleni kwenu unangoja nani akufie ndipo urithi timu?"

Sikulala mapema. Nilikuwa nimeona kwa macho kwamba kazi ile inafanywa na mwanamke, inafanywa kwa kiwango cha juu kabisa barani, na anayeifanya ana umri wa wadogo zangu. Kuanzia hapo, kunyamaza kwangu hakukuwa na sababu tena.

Niliporudi nilimwendea mkuu wa shule nikiwa nimeandika ukurasa mmoja: siku za mazoezi, mipira inayohitajika, na jambo ninalotaka kulifikia, yaani kushinda wilaya. Aliusoma, akaniuliza kama nimegombana na mwalimu wa michezo. Nikamwambia, "La, Mkuu. Naomba kufundisha timu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Na umatroni atafanya nani?" Nikamjibu kwamba shule ina walimu wengine wa kike, na wapo wanaopenda kusafiri na wanafunzi. Mwenzangu aliyekuwa akiifundisha timu alinishangaza kwa wema wake. Alisema yeye kwa kweli ni mtu wa soka, kikapu alipewa kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Alinikabidhi filimbi na ufunguo wa stoo siku hiyohiyo. Mara ngapi tunaamini mlango umefungwa kwa kuwa hatujawahi kugusa kitasa?

Kazi haikuwa nyepesi. Uwanja wetu ni wa saruji, una nyufa, na ringi moja imeinama. Nilianza kwa kuwafundisha wasichana kukaba uwanja mzima kama nilivyoona Kigali, na mechi ya kwanza ya kirafiki walifungwa vibaya, kwa sababu kufikia robo ya tatu hakuna aliyebaki na miguu. Nilielewa kwamba nilichokiona BK Arena kilikuwa tunda la miaka mingi ya mazoezi ya mwili na benchi lililojaa. Basi tukaanzia chini. Tulikimbia. Tulijifunza kuteleza kwa upande huku magoti yamekunjwa, bila mpira kabisa, mpaka waliponichoka. Na nilifanya jambo moja makusudi: nilihakikisha kila aliye kwenye orodha ya wachezaji 12 anacheza na ana kazi anayoijua. Mmoja kazi yake ilikuwa dakika chache tu za kumkimbiza namba moja wa wapinzani. Binti yule, ambaye zamani alibeba jezi za wenzake, alianza kuja mazoezini kabla yangu.

Baadhi ya vikwazo vilikuwa vya aina ambayo mwalimu wa kiume asingeambiwa. Kulikuwa na mchezaji hodari wa ribaundi aliyekuwa akikosa mazoezi siku kadhaa kila mwezi, na kitabu cha zamani kilimwandika mtoro. Aliniambia ukweli siku ya kwanza nilipomuuliza faraghani. Tangu hapo stooni pana taulo za kike, na hakuna anayeandikwa mtoro kwa ajili ya mwili wake. Mwingine alikuwa ameachishwa na baba yake kwa sababu ya hijabu. Nilikwenda nyumbani kwao jioni moja. Nikamwamkia mzee, shikamoo, marahaba, tukaketi. Alisema hana ugomvi na mpira, ana ugomvi na binti yake kuvuliwa stara mbele ya watu. Nilimweleza kwamba shirikisho la dunia, FIBA, lilibadilisha kanuni mwaka 2017, na kuanzia Oktoba mwaka huo wachezaji wanaruhusiwa kuvaa kifuniko cha kichwa, na nguo za kubana zinazofunika mikono na miguu. Kilichotakiwa ni kitambaa kisicho na pini wala kitu cha kuumiza mwenzake. Mzee alifikiri, akauliza, "Na anayewafundisha ni wewe mwenyewe, Mwalimu?" Nikasema ni mimi. "Basi aje kesho." Binti huyo leo ndiye namba moja wetu.

Wakati sisi tukipambana na saruji yetu, Nigeria walikuwa na safari yao. Februari 2024 walikwenda Antwerp, Ubelgiji, kutafuta tiketi ya Olimpiki. Waliwashinda Senegal tena na tiketi wakaipata, lakini Marekani iliwafunga 100 kwa 46. Baadhi ya wasichana wangu waliona matokeo hayo kwenye simu za kaka zao, wakaja wamenyong'onyea. "Mwalimu, si ulisema hawa ndio mabingwa?" Niliwaambia ni mabingwa wa Afrika, na sasa wanagonga mlango wa dunia, na mlango huo ni mzito. Tangu ilipoukosa ubingwa wa Olimpiki huko Barcelona mwaka 1992, timu ya wanawake ya Marekani haijaukosa tena. Nikawaambia tusubiri Paris.

Nilikuwa nimewasimulia historia pia, kwa sababu ushindi wa timu hii haukuota usiku mmoja. Nigeria walikuwa mabingwa wa Afrika 2003 na 2005, kisha wakakaa zaidi ya miaka kumi bila taji. Athens mwaka 2004 waliifunga Korea Kusini na kuwa timu ya kwanza ya wanawake wa Afrika kushinda mchezo wa kikapu katika Olimpiki. Kombe la Dunia la 2018, Tenerife, walifika robo fainali, jambo ambalo hakuna timu ya wanawake ya Afrika iliyokuwa imelifanya. Olimpiki ya Tokyo walipoteza mechi zote tatu. Halafu Mei 2022 serikali yao ikatangaza kuiondoa Nigeria katika mashindano ya kimataifa ya kikapu kwa miaka miwili, kwa sababu ya mgogoro wa uongozi wa shirikisho. Uamuzi ulibatilishwa, lakini nafasi yao ya Kombe la Dunia Sydney ilikuwa imekwishapewa Mali. Wachezaji waliokuwa wameipigania tiketi ile uwanjani walikaa nyumbani kwa ugomvi usiokuwa wao. Baadhi yao ndio niliowaona Kigali mwaka uliofuata wakikaba kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikiwaza magumu yetu ya mipira iliyochakaa na nauli zinazochelewa, huikumbuka hiyo Sydney.

Olimpiki ilipofika, Nigeria walipangwa na Australia, Ufaransa na Kanada. Siku ya mechi ya kwanza, tarehe 29 Julai, niliwaruhusu wasichana watazame kwenye runinga ya ukumbi wa shule. Australia ni moja ya timu kubwa za dunia. Nigeria waliwafunga 75 kwa 62. Tuliona kitu kilekile nilichokiona Kigali: mstari wa pembeni, mkabaji wa pili, pasi ya haraka, mkono wa tatu. Wachezaji wa Australia walipoteza mipira kama watoto wa darasa la tano, na wasichana wangu walipiga kelele kabla mpira haujapotea, kwa sababu walijua unapelekwa wapi. Ezinne Kalu aliongoza kwa kufunga, na jina lake likawa wimbo ukumbini. Ufaransa, wenyeji, waliwashinda 75 kwa 54. Kisha Nigeria wakaifunga Kanada 79 kwa 70, wakaingia robo fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo katika kikapu cha Olimpiki, ya wanaume au ya wanawake.

Robo fainali ilikuwa Marekani tena. Usiku ule walioko bweni waliruhusiwa kukesha. Marekani ilishinda 88 kwa 74. Asubuhi, ubaoni, niliwaandikia hesabu mbili: Februari tofauti ilikuwa pointi 54, Agosti tofauti ilikuwa 14. Miezi sita. Sikuongeza neno. Baadaye tuliona pia kwamba timu mbili zilizokuwa kundi moja na Nigeria ziliondoka Paris na medali, Ufaransa fedha na Australia shaba. Rena Wakama alitangazwa kocha bora wa mashindano ya wanawake ya Olimpiki, mbele ya makocha wa mataifa yenye kila kitu. Wasichana walibandika picha yake stooni, juu ya rafu ya mipira.

Nimesikia hoja ya wanaosema kwamba hawa si mfano wetu, kwa kuwa wengi wao wamezaliwa au kusoma Marekani na wamelelewa na vyuo vyenye viwanja vya mbao na makocha wa kila aina. Ni kweli, na naichukua hoja hiyo kwa uzito. Lakini nikiitazama vizuri, naona inanipa mimi nguvu. Mabinti hao ni watoto wa Afrika. Wajomba na shangazi zao wako Lagos, Enugu, Port Harcourt. Kilichowatofautisha na binamu zao waliobaki ni kwamba mtu fulani aliwapa uwanja, kocha, na mechi za kutosha kila juma. Damu haikai chini ya goli ikakaba. Ukimpa binti wa Kiafrika vitu vitatu hivyo akawa tishio kwa Australia, basi hatuna ruhusa ya kusema wetu hawawezi. Tunaweza tu kusema hatujawapa. Hapa Tanzania tukitaja kikapu tunamtaja Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009, na tunastahili kujivunia. Ila simulizi yake wasichana wetu huisikiliza kama simulizi ya urefu, zawadi ambayo mtu anazaliwa nayo. Simulizi ya Nigeria ni ya kukaba, na kukaba kunafundishika.

Mwaka 2025, Abidjan, Nigeria waliifunga Mali 78 kwa 64 katika fainali na kutwaa taji la tano mfululizo, jambo ambalo hata Senegal yenye mataji 11 haikuwahi kulifanya. Okonkwo alikuwa mchezaji bora kwa mara nyingine. Tangu mwaka 2015 hakuna timu ya Afrika iliyowafunga katika mashindano hayo. Wapo wanaosema utawala wa timu moja unachosha, kwamba ingekuwa vizuri taji lizunguke. Mimi nimekuja kuuona utawala huu kwa macho ya wasichana wangu. Kwa maisha yao yote ya kufuatilia kikapu, wameona wanawake wa Kiafrika wakiingia uwanjani wakitarajiwa kushinda. Hawaulizwi kama wamejitahidi. Wakicheza vibaya wanalaumiwa, wanachambuliwa, wanadaiwa maelezo. Huo nao ni uthamini, na ni uthamini ambao wasichana wa shule yangu walikuwa hawajawahi kuupata.

Sasa wanaupata. Tulishinda wilaya. Mkoani tulifungwa nusu fainali na shule yenye nguvu kuliko sisi. Tuliporudi, mkuu wa shule alianza hotuba yake kwa pongezi, akasita, kisha akageuka kwa nahodha akamuuliza, "Ilikuwaje robo ya nne?" Binti akasimama akaeleza mbele ya shule nzima: tulipoteza ribaundi upande wa kushoto, wakatufunga kwa mpira wa pili. Alieleza bila kulia na bila kuinamisha kichwa. Wavulana walimsikiliza. Kwangu mimi, siku hiyo ilikuwa na uzito kuliko kombe la wilaya.

Na mimi nimebadilika. Nilihudhuria kozi ya awali ya ukocha, nikawa miongoni mwa wanawake wachache chumbani. Nazungumza kikaoni bila kusubiri kunong'oneza. Kwenye mashindano, walimu wa kike wa shule nyingine hunifuata wakati wa mapumziko kuniuliza nilianzaje, na kila mmoja ninamwambia aandike ukurasa mmoja ampelekee mkuu wake. Wawili kati yao tayari wanafundisha timu zao, na tumekwisha kucheza dhidi ya mmoja wao. Alitufunga. Niliumia kama kocha anavyopaswa kuumia, kisha nikamwomba tucheze tena mwezi unaofuata.

Kwa hiyo ushuhuda wangu una ombi ndani yake. Mkuu wa shule, unapoandika majina ya safari ijayo ya timu ya wasichana, muulize mwalimu wa kike unayemteua kuwa matroni kama aliwahi kucheza. Kama aliwahi, mpe filimbi. Mzazi, binti akirudi amefungwa, muulize kilichotokea kama unavyomuuliza kaka yake. Na wewe mwalimu mwenzangu uliyekaa pembeni ukiona mchezo wote, usisubiri Kigali yako. Wanawake wa Nigeria wamekwisha kuthibitisha mbele ya dunia kwamba nafasi hiyo ni yetu pia. Kilichobaki ni kuiomba, kuifanyia kazi kwa bidii, na kukubali kudaiwa ushindi.